Unahamia Ziwani kwa Senga

Mwanangu Nekesa,

Sikuulizi hali. Nimekusikia sasa hivi ukishuka ngazi huku ukiimba, na mtu anayeimba hivyo hana shida. Umekwenda kanisani kuagana na wenzako wa kwaya, na nikiwajua, hawatakuachia mapema. Begi lako liko pale mlangoni. Nimelifungua, nikalipekua, nikalifunga, na sikuona cha kuongeza. Mambo ya chandarua na maji ya kuchemsha tumeyasema mpaka ukaanza kunijibu kabla sijamaliza kuuliza. Sitayarudia. Nimeketi hapa kwenye cherehani, nimesukuma kando magauni ya watu, kwa sababu kuna jambo ambalo nikilisema kwa mdomo utacheka, nami nitacheka pamoja nawe, na litakuwa kama halikusemwa.

Nina wivu.

Usidhani nazungumzia zamani. Nazungumzia leo, jioni hii, nikiandika. Namwonea wivu Senga wako, huyo dada wa baba yako, namwonea wivu mtu yeyote atakayekuona kesho ukishuka garini, na nalionea wivu hata lile ziwa lake la tope ambalo halina kina cha kumzamisha ng'ombe. Nimejaribu kuuita huzuni. Jirani yetu Mama Furaha ameniuliza kama nina huzuni, nikamwambia ndiyo, akanionea huruma. Lakini huzuni haimfanyi mtu afure kama andazi kila anaposikia jina la mtu mwingine.

Uliponiambia tulikuwa tunakula. Ulikuwa unachambua samaki, unamtoa miiba kama alivyokufundisha yeye, uti wote kwa mkupuo mmoja. Ukasema, "Mama, kazi ya hapa Bukoto naiacha. Nakwenda kukaa na Senga."

Nikauliza, "Kukaa siku ngapi?"

"Kukaa, Mama."

Ukaeleza kwamba miguu ya Senga haimbebi tena, kwamba mitumbwi yake ipo na majiko ya kukaushia samaki yapo, lakini vibarua wanamwibia mchana kweupe. Kisha ukasema lile lililoniuma: "Na pia napenda kule. Unajua napenda kule."

"Mtu asome miaka yote hiyo, halafu akanuke moshi wa samaki?"

"Wewe ulisoma, Mama, na unanuka mafuta ya cherehani."

Tulicheka, kwa sababu kweli ilichekesha. Kisha nikaingia chumbani, nikashona upindo wa sketi ya mteja, nikaufumua, nikaushona tena.

Wivu huu una umri mkubwa kuliko wewe. Nilipokuja Kampala kutoka Bungoma, Kenya, vita vilikuwa vimekwisha na watu wanarudi mjini, wanaweka mabati mapya juu ya kuta zenye matundu ya risasi. Mjomba wangu alikuwa anauza nguo kuukuu katika soko la Owino, akanipa nafasi ya kukaa na cherehani nirekebishe zile zisizowaenea watu. Baba yako alikuwa fundi wa malori huko Kisenyi. Alikuja kupunguziwa suruali. Mimi sikujua Luganda, yeye hakujua Kibukusu, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, kwa hiyo neno la kwanza aliloniambia lilikuwa kama amri: "Wewe! Suruali hii kata!" Mimi nikamwambia aseme tafadhali. Hakulijua neno hilo. Nikamfundisha, na kuanzia siku ile alikuwa akilitia kila mahali hata lisipofaa. "Tafadhali mimi iko na njaa." Hivyo ndivyo tulivyoanza, na ndiyo maana wewe ulikulia kwenye Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya kwao wala ya kwetu.

Alikuwa mume mwema. Lakini kila mwisho wa mwezi alikuwa akienda Kalerwe, anapanda lori la samaki linalorudi tupu, anakwenda kwao ziwani kwa dada yake. Akirudi Jumatatu alikuwa mtu mwingine. Jua limemchoma, mabega yamelegea, anatabasamu peke yake akinawa mikono. Nikimuuliza mmefanya nini huko, anasema, "Tumevua." Basi. Mwanamume aliyeweza kunisimulia habari za kisanduku cha gia kuanzia magharibi hadi chakula kikapoa, juu ya ziwa alikuwa na neno moja.

"Twende wote," aliniambia mara nyingi. "Ziwa yetu hapana ogopa. Ni kama sahani. Mtu mrefu anasimama katikati, maji inamfika hapa," na anajigusa kifuani.

Nilimwambia naogopa maji. Haikuwa kweli. Niliogopa kumwona mume wangu na furaha ambayo sikuwa nimempa mimi. Nilidhani nikiikataa itapungua, kama moto usiotiwa kuni. Haikupungua. Ilikuwa inawaka huko bila mimi.

Alipofariki ulikuwa hujaanza hata kung'oa meno. Tulimpeleka kwao, na hiyo ndiyo siku niliyoliona ziwa kwa mara ya kwanza, au tuseme nililiona lilipo, maana macho hayakuona maji. Yalikuwa mafunjo matupu, kijani hadi mwisho wa dunia, na njia nyembamba ya mitumbwi ikipita katikati. Senga alikuja akaketi karibu nami. Shangazi yako ni mrefu, unamjua, na wakati ule mikono yake ilikuwa kama ya mpiga makasia wa kiume. Hakulia. Alikushika mkono, akasema neno kwa lugha yao ya ziwani, si ile Luganda ya mjini, na mtu akanitafsiria: "Anasema huyu ni wetu."

Nikajibu kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo haifai matangani, "Huyu ni wangu."

Sikujua kwamba anasikia Kiswahili. "Ndiyo," akasema. "Wako. Na wetu."

Mengine yote yaliyofuata, mwanangu, yametoka kwenye ile "na".

Likizo ya Desemba nilikutuma kwake kwa sababu sikuwa na njia nyingine. Ndio msimu wa nguo za sikukuu, nilikuwa nashona mchana kutwa, na sikuwa na mtu wa kukuachia. Uliporudi ulikuwa na jina jingine. Nilikuita Nekesa ukishuka kwenye lori, ukanisahihisha: "Kule mimi ni Namazzi." Wa majini. Mimi nilikupa jina la mavuno, la nyumbani kwetu, kwa sababu ulizaliwa mahindi yakivunwa. Yeye alikupa jina la maji baada ya siku chache tu za kukutazama. Na lilikuenea. Hilo ndilo lililoniudhi, kwamba lilikuenea kama nguo iliyokatwa kwa kipimo.

Ulikuwa unanuka moshi, samaki na majani mabichi. Nikakutia kwenye karai nikakusugua kwa kipande cha sabuni hadi kikabaki chembe. Ukaanza kulia. Nikadhani nimekuumiza. Ukasema, "Unanitoa harufu ya Senga."

Nikaendelea kusugua.

Ulikwenda tena miaka kadhaa, ukirudi kila mara na harufu ile, kisha likizo mbili nikakuzuia. Nilisema kuna masomo ya ziada. Ulikwenda kwenye masomo hayo ukiwa umenuna, na Senga akaanza kutuma samaki. Walikuja kwa lori hadi Kalerwe, samaki waliokaushwa, wamefungwa kwa majani ya mafunjo, bila neno lolote. Niliwachukua nikampa Mama Furaha. Wewe ulipouliza kama Senga ametuma salamu, nikasema hapana. Siku moja Mama Furaha, maskini, hakujua lolote, alipotukuta bombani akapaza ile sauti yake ya Bukavu: "Aksanti sana kwa ile samaki ya shangazi ya mutoto! Ilikuwa mutamu sana!"

Ulinitazama. Ulikuwa na ndoo kichwani na hukuiteremsha. Hukusema kitu, si pale bombani wala nyumbani. Nilingoja useme, ili nipate cha kujibu. Mpaka leo hujasema.

Likizo iliyofuata nilikupeleka mwenyewe. Nilijiambia nakwenda kumwomba radhi Senga. Kwa kweli nilikwenda kupeleleza. Nilitaka kuona ana nini huko ambacho mimi sina.

Nikakiona asubuhi ya kwanza. Ulikuwa umesimama nyuma ya mtumbwi na upondo mrefu kuliko nyumba, unausimika topeni, unauegemea, mtumbwi unateleza. Nilikuwa nimezoea mtoto anayeangusha vikombe. Senga ameketi mbele, anatayarisha ndoana, hakutazami hata kidogo. Mimi nisingeacha kukutazama. Ningekwambia angalia, taratibu, utaanguka. Yeye alikuwa amekupa mgongo, na wewe, kwa sababu amekupa mgongo, hukuanguka.

"Mama Namazzi, ingia," Senga akaniambia. Nikaingia. Mliniweka katikati juu ya gunia lililokunjwa, kama mzigo unaoogopwa kulowa.

Nitasema ukweli: palikuwa pazuri. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, mtu anaona mashina ya yungiyungi mpaka chini. Ndege weusi wamesimama juu ya miti ya nyavu wameanika mabawa. Na ninyi wawili mlikuwa mnazungumza lugha yenu ya ziwani, neno hapa, neno pale, halafu mnacheka, na mimi nacheka nikiwa nimechelewa, bila kujua nacheka nini. Ulivuta kambare mwenye masharubu, ukampiga rungu kichwani, pa, ukamtupa miguuni pangu bila kusitisha maneno. Senga akanipa mshipi mmoja nami nijaribu. Nikapata ngege, yule tilapia wa kwenu. Mdogo, lakini ngege. Mkanipigia makofi! Moyo ukafurahi kwanza. Kisha nikatambua kwamba makofi yale ni yale anayopigiwa mtoto akijifunza kutembea.

Upepo ukabadilika. Unakumbuka. Tulipogeuka kurudi mwaloni, pale mnapofunga mitumbwi, njia haikuwepo. Kisiwa cha mafunjo kilikuwa kimeng'oka huko kilikokuwa, kimeelea kimya kimya na mizizi yake na udongo wake, na ndege juu yake ametaga, kikaja kikaziba mlango wote. Mimi nilidhani tumepotea. Ninyi mlitazamana tu kama watu walioona ng'ombe barabarani.

Senga akatoa panga, akaanza kukata mizizi upande wa mbele. Wewe ukashika upondo, unasukuma kila anapofungua pengo. Jua likapanda. Mlikuwa mnatweta, jasho linawatiririka, na kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini kabla hajafanya. Na mimi niko pale kwenye gunia, nimeshika ngege wangu.

Nikasema, "Nifanye nini?"

Wewe ukajibu bila kugeuka, "Kaa tu, Mama."

Ulisema kwa upole. Lakini lilinichoma. Nikakumbuka maneno ya baba yako, ziwa ni kama sahani, maji yanafika kifuani. Nikawaza nitashuka, nitausukuma huu mtumbwi kwa nyuma, na mtoto wangu ataona kwamba mama yake pia ana mabega. Sikuaga. Nilivuta gauni nikaruka.

Maji yalifika kifuani kweli. Baba yako hakudanganya. Lakini alikuwa amesahau kuniambia kwamba chini ya maji hakuna ardhi. Kuna tope kama uji mzito, na uji huo hauna mwisho. Mguu ulitafuta mahali pa kukanyaga ukakosa. Nikajitahidi kuung'oa, ule mwingine ukazama zaidi. Maji yakafika mabegani. Yakafika kidevuni. Niliita jina lako, nadhani hata mwaloni walisikia.

"Nekesa! Nipe mkono!"

Ukaja mbio, mtumbwi ukayumba, ukalala kifudifudi ukingoni, ukaunyoosha mkono wako. Uliunyoosha, mwanangu, hilo halinitoki. Vidole vyako vilikuwa karibu kiasi kwamba niliona kucha zina tope.

Senga akapiga kelele: "Namazzi! Hapana toa mkono! Atavuta wewe! Toa upondo! Lalisha upondo kwa maji!"

Uliniangalia. Ukamwangalia yeye. Na ukaurudisha mkono.

Ukaulaza upondo juu ya maji, ncha moja kwenye mtumbwi na nyingine kwenye mizizi ya kile kisiwa, mbele yangu kabisa. Senga alikuwa tayari amekuja nyuma kuukandamiza kwa goti. Akaniambia kwa sauti ya chini sana, kama anayebembeleza ndama, "Mama Nekesa. Lala. Lala kama kwa kitanda. Hapana piga mguu."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita Mama Nekesa.

Nikalala juu ya ule upondo. Nikaacha kupigana. Na lile tope, lililokuwa limenishika kama mdomo, likaniachia mguu mmoja, kisha wa pili, polepole, na kiatu kimoja likabaki nacho. Mlinivuta kwa gauni. Ukaniangukia shingoni ukilia, ukisema, "Ningekupa mkono tungezama wote, Mama, tungezama wote."

Nikasema, "Najua."

Nilijua wakati ule na najua sasa. Mtoto wa umri ule alipewa nafasi ya kukosea kwa upendo, akachagua kufanya kinachofaa. Nimewasimulia watu Owino hadithi hii kwa majivuno. Lakini wewe nakwambia kile ambacho siwaambii wao: nikiwa peke yangu, siuoni upondo. Nauona mkono ukirudi. Uliniokoa kwa kumtii mwanamke mwingine. Mtu afanye nini na jambo kama hilo? Amshukuru nani, na amnunie nani?

Senga hakunisaidia kumchukia. Ndivyo alivyo. Tulipofika nyumbani alipasha maji, akaniosha miguu, akanitoa ruba kwenye mashavu ya miguu moja moja kwa chumvi. Nilimngoja ajisifu hata kidogo. Au anikemee, aseme mwanamke wa Kenya anaruka majini kama chura. Angesema hivyo ningekuwa na silaha ya maisha. Aliosha tu, kisha akamkaanga yule ngege wangu mdogo, akaniwekea mimi peke yangu.

Ulipokuwa sekondari alikuja kwetu kutibiwa mguu. Daktari alitaka amwone mara kadhaa, kwa hiyo akakaa nasi katika vyumba hivi viwili. Utanisamehe, lakini nilizifurahia siku zile. Yule simba wa ziwani aliogopa kuvuka barabara! Pale Kalerwe, pikipiki zikipita, alining'ang'ania mkono kwa mikono yake yote miwili, macho amefumba. Nami nikatembea polepole. Siku moja nikampeleka Owino katikati ya wiki ya sikukuu, ndani kabisa kwenye vile vichochoro vya nguo ambapo mtu hawezi hata kugeuka, na hatukuwa na haja ya kununua chochote. Nilitaka tu awe katikati juu ya gunia.

Jioni moja ulirudi kutoka shuleni, ukakaa chini mbele yangu nikusuke. Ukaanza kumwiga mwenye nyumba anavyotembea, na ukawa unamwiga kwa Kibukusu, kile Kibukusu chako kibaya ulichokipata kwa bibi yako wa Bungoma. Nikacheka hadi kitana kikaanguka. Na wewe ukacheka mpaka ukalaza kichwa mapajani pangu. Senga alikuwa kwenye mkeka. Alitabasamu, akiwa amechelewa. Kisha akageukia ukutani.

Mgongo ule niliujua, Nekesa. Nilikuwa nimeuvaa mimi mtumbwini.

Ningeweza kuhamia Kiswahili mara moja. Sikuhamia. Niliendelea na Kibukusu kidogo, sentensi moja, mbili, nikisikia utamu wake. Halafu utamu ukaisha wenyewe, kama muwa uliotafunwa. Nikasema kwa Kiswahili, "Senga, kwenu mtu akitembea kama bata mnasemaje?"

Hakugeuka. Nikadhani amelala. Kisha akalisema lile neno, akiutazama ukuta, nawe ukacheka upya, naye mabega yakaanza kutikisika.

Asubuhi yake ulipokwenda shule aliniambia, tukichambua maharage: "Likizo ikiisha, mimi naleta Namazzi kwa lori. Lori inaenda. Mimi siku hiyo narudi kwa maji, hata kama samaki hakuna. Nyumba inakuwa kubwa sana."

Nikamwambia, "Hii pia huwa kubwa." Akavitazama vyumba vyetu viwili, akatikisa kichwa kwamba anaelewa.

Hatukukumbatiana. Tuliendelea na maharage. Wala usidhani wivu uliisha siku ile. Ulipata tu mwenzake wa kukaa naye.

Sina mengi ya kukufundisha juu ya ziwa, unalijua kuliko mimi. Nina hili tu, na si la kukufundisha, ni la kukuambia. Senga husema kwamba kabla hujasukuma upondo unainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, kama unasikiliza, na kwamba baba yako alikuwa akifanya vivyo hivyo. Huniambia kwa furaha, akitegemea nitasema, ndiyo, kweli. Siwezi kukubali wala kukataa. Nilikuwa mke wake, nilimfulia, nilimzalia, nilimuuguza, na sijawahi kumwona akiwa mtumbwini hata siku moja. Sehemu ile ya mume wangu anayo Senga peke yake, na hakuninyang'anya. Nilialikwa nikakataa. Siku moja utampenda mtu mwenye ziwa lake, hata kama ziwa hilo ni mpira wa miguu au mama yake mzazi. Akikwambia twende wote, nenda. Kaa juu ya gunia ukatazame.

Na mimi nikija huko, usiniambie kaa tu. Nipe hata kopo nikumbe maji mtumbwini.

Sasa nakwambia kilichonifanya niketi kuandika. Mchana ulipotoka kununua tochi, Senga alinipigia simu. Alikuwa anapiga kelele kama kawaida yake, akidhani sauti inatembea kwa miguu hadi Kampala. Akasema, "Mama Nekesa, mtoto sasa ni mtu mzima. Mimi nilikuwa najua mtoto. Mtu mzima sijui. Chai yake ni ya maziwa ama ya rangi? Usiku analala na taa? Akikasirika, mtu anamwacha ama anamfuata? Kumuuliza yeye naona haya."

Nilisimama dirishani na simu sikioni. Ningeweza kusema utajua mwenyewe. Neno hilo lilikuwa kwenye ulimi. Lakini nikamwambia. Nikamwambia chai ni ya rangi, yenye tangawizi, na usimsemeshe kabla hajaimaliza. Taa azime. Akikasirika mwache, atakuja mwenyewe akijifanya anatafuta kitu. Nikamwambia hupendi kuitwa ukiwa mbali, mtu akufuate ulipo. Kwamba unasema umeshiba kabla hujashiba. Kwamba ukiimba sana, kuna jambo limekukera; mwanzo wa barua hii nimejifanya sijui. Alikuwa anaitikia "mm, mm" kwa kila jambo, na nikajua anayapanga kichwani kama anavyopanga samaki jikoni. Nilimpa yote, mwanangu. Miaka yangu ishirini na zaidi nimeimimina kwenye simu hadi salio lake likaisha.

Yote isipokuwa moja. Sikumwambia kwamba ukishikwa na homa hupati usingizi mpaka mtu akukune nyayo kwa kucha, taratibu, mguu wa kushoto kwanza. Hilo limebaki langu. Nawe usimwambie. Ukiugua, nipigie, hata iwe saa gani, nami nitapanda gari la kwanza nije nikukune mwenyewe.

Nasikia sauti zenu huko chini, umerudi na kwaya nzima. Sijui nitawapa nini wote hawa.

Mimi mama yako,
yule wa Bukoto.